Bastola Isiyokaa Mkononi: Kutafuta Chanzo kwa Mwenye Mkono Mdogo

Mtu mwenye mkono mdogo anapoingia dukani kutafuta bastola, muuzaji mara nyingi humpeleka moja kwa moja kwenye iliyo ndogo kuliko zote kabatini. "Mama, hii ndiyo saizi yako," ataambiwa, naye ataikubali kwa kuwa ni nyepesi na inaingia mkobani bila shida. Siku ya kwanza uwanjani ndipo anapoona kwamba hana nguvu za kuikoki, kwamba inampiga teke hadi mkono unauma, na kwamba risasi zake zinaangukia upande mmoja wa karatasi. Hapo huambiwa afanye mazoezi zaidi. Mazoezi hayana ubaya, lakini kasoro nyingi za namna hii zinatokana na umbo la bastola yenyewe, na bastola ndogo haina ahadi yoyote kwamba itaufaa mkono mdogo.

Kwa anayeishi Marekani, kosa hilo lina gharama nafuu, maana katika majimbo mengi anaweza kuuza bastola isiyomfaa na kununua nyingine katika kipindi kifupi. Mwenye leseni wa Kenya au Tanzania hana wepesi huo. Kibali chake kimefungamana na silaha mahususi, na kubadilisha maana yake ni kurudi tena kwenye foleni ya maombi, mahojiano na ukaguzi. Ndiyo maana uchunguzi unaoelezwa hapa unafaa ufanywe kabla ya kununua, ikiwezekana uwanjani kwa bastola za kuazima chini ya macho ya mwalimu, na si baada ya jina la silaha kuandikwa kwenye karatasi za serikali.

Kipimo cha kwanza, kabla ya dalili yoyote

Toa magazini, yaani kisanduku cha risasi kinachoingia mpinini, vuta nyuma slaidi, yaani ile sehemu ya juu ya chuma inayorudi nyuma kila risasi inapotoka, uifunge ikiwa wazi, kisha tazama ndani ya chemba, mahali risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, na uipapase kwa kidole ili kuhakikisha kwamba hamna risasi. Muuzaji akisema kwamba ameshaikagua, ikague tena wewe mwenyewe. Muuzaji anayeijua kazi yake hataona vibaya. Elekeza mtutu mahali ambapo risasi isingemdhuru mtu, hata kama una hakika kwamba bastola ni tupu, na omba ruhusa kabla ya kubonyeza kifyatulio.

Sasa shika mpini kwa mkono unaoutumia kulenga. Panda ya mkono, ule uwazi kati ya dole gumba na kidole cha shahada, ipande juu kabisa hadi chini ya mkia wa fremu, yaani mwili wa bastola unaobeba mpini na kifyatulio, na mtutu ufuate mstari mmoja na mifupa ya kigasha. Usilegeze sharti hili hata kidogo. Karibu kila mwenye mkono mdogo huizungusha bastola kiganjani bila kujua ili kidole kifike, na anayemtazama husema, "Si unaona inafika?" Ni kweli inafika, lakini mtutu umeshaelekea upande, na teke lote litaangukia kwenye kiungo cha dole gumba badala ya kupita katikati ya mkono.

Ukiwa umeshika hivyo, weka kidole cha shahada kwenye kifyatulio. Panapotakiwa kugusa ni katikati ya nyama ya ncha ya kidole, kidole kikiwa kimepinda kiasi na kukiwa na mwanya mdogo kati yake na ubavu wa fremu. Kifyatulio kikiguswa kwa ncha peke yake, au kidole kikilala kwenye fremu kama kilichobandikwa, umbali kutoka mgongo wa mpini hadi kifyatulio ni mrefu kupita kiasi kwako. Urefu wa mkono mzima, ule wa kuanzia kifundo hadi ncha ya kidole cha kati, hausaidii sana hapa, kwa sababu watu wawili wenye mikono yenye urefu sawa wanaweza kutofautiana katika urefu wa kidole cha shahada na unene wa kiganja.

Kuna mtego mmoja unaowanasa wengi dukani. Bastola kama Glock ikishabonyezwa bila risasi, kifyatulio chake hubaki nyuma hadi slaidi ivutwe tena. Anayeishika baada ya mteja mwingine kuibonyeza hukuta kifyatulio kiko karibu, akafurahi, akalipa. Koki kwanza, kisha pima. Kwa bastola zenye nyundo, kipande cha nyuma kinachogonga ili risasi itoke, zinazoweza kufyatuka kutoka katika hali ya nyundo kulala, pima nyundo ikiwa chini, kwa kuwa hapo ndipo kifyatulio kinapokuwa mbali zaidi.

Dalili: risasi zinaangukia kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia

Kwa anayetumia mkono wa kushoto, soma kinyume chake. Dalili hii ina vyanzo viwili vinavyofanana sana machoni, na ndiyo sababu watu hupoteza muda na risasi nyingi wakitibu kisichougua.

Chanzo cha kwanza ni umbali. Kidole kinachofika kwa ncha tu hakiwezi kuvuta kifyatulio moja kwa moja kuelekea nyuma. Hukisukuma pembeni, na sehemu ya kidole inayogusa fremu huisukuma bastola nzima upande huohuo. Mpigaji mwenye tatizo hili mara nyingi ana alama nyekundu ubavuni mwa kidole cha shahada, pale kinapokwaruzana na fremu. Chanzo cha pili ni kukurupuka: mtu anatarajia mlio, anakaza kiganja chote kwa mara moja pamoja na kidole, na mtutu unainama. Hapo risasi huenda kushoto na chini kwa pamoja.

Njia rahisi ya kutofautisha ni kutumia bastola nyingine. Mpe mpigaji yuleyule bastola yenye mpini mwembamba na kifyatulio kilicho karibu, kwa umbali uleule na shabaha ileile. Matundu yakirudi katikati, chanzo ni umbo la bastola ya kwanza. Yakibaki kushoto chini, tatizo liko katika namna ya kubonyeza, na kubadilisha silaha kutaponya kidogo sana. Njia ya pili haihitaji risasi za kweli: bastola ikiwa tupu na imekaguliwa, mtu mwingine aweke sarafu juu ya slaidi karibu na kilengeo cha mbele, kisha mpigaji abonyeze. Sarafu ikianguka kila mara kwa bastola nene na kutulia kwa bastola nyembamba, jibu limepatikana.

Tatizo hili ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Jeshi la Marekani lilipoifanyia marekebisho bastola yake ya M1911 katika miaka ya 1920, na kuipa jina M1911A1, miongoni mwa mabadiliko yalikuwa kifyatulio kifupi zaidi na fremu iliyochongwa nyuma ya kifyatulio pande zote mbili, ili askari wenye vidole vifupi wafike. Mpaka leo bastola za ukoo huo huweza kuwekewa kifyatulio kirefu au kifupi, na kwa kuwa magazini yake hupanga risasi katika safu moja, mpini wake ni mwembamba licha ya ukubwa wa chuma chenyewe. Browning Hi-Power ya mwaka 1935 nayo ni mfano mzuri: magazini yake ya kawaida huchukua risasi 13 katika safu mbili, lakini mpini umechongwa kwa ustadi kiasi kwamba watu wengi wenye mikono midogo huona inawakaa vizuri kuliko bastola nyingine za safu mbili.

Katika bastola za kisasa, dawa ya kwanza ni mgongo wa mpini unaobadilishwa. Glock zilianza utaratibu huo kwenye kizazi cha 4, mwaka 2010. Fremu ikiwa haina kipande chochote cha ziada mgongoni, umbali wa kufikia kifyatulio ni mfupi kwa takriban mm 2 kuliko ule wa kizazi cha 3. Kipande cha kati hurudisha mm 2 hizo, na kikubwa huongeza mm 4. Namba hizo zinaonekana kama hazina maana mpaka ujaribu, kwa maana mm 2 ndizo zinazotenganisha ncha ya kidole na nyama ya katikati. Maduka mengi huonyesha bastola ikiwa na kipande kilichowekwa na mtu aliyetangulia, kwa hiyo uliza kama kimetolewa kabla ya kusema kwamba bastola haikufai. Smith & Wesson M&P za toleo la M2.0 huja na vipande vinne vya ukubwa tofauti, na Heckler & Koch VP9 ina vipande vya mgongoni na vya ubavuni, hivyo unaweza kupunguza unene upande mmoja na kuuacha mwingine, jambo linalomfaa mtu mwenye kiganja chembamba lakini kidole kirefu. Walther walikwenda mbali zaidi mwaka 2022 walipotoa PDP ya mfululizo wa F, ambayo wameiunda upya kwa kupunguza mzingo wa mpini, umbali wa kifyatulio na nguvu zinazohitajika kuvuta slaidi. Kati ya zote zilizotajwa, hiyo ndiyo ningemwambia mtu mwenye vidole vifupi kabisa aitafute kwanza, mradi aipate nchini alipo.

SIG Sauer P320 inatumia njia nyingine, kwa kuwa mashine ya kufyatua ni kipande cha chuma kinachotoka chote, na mpini wa plastiki unaokizunguka huuzwa kwa ukubwa mdogo, wa kati na mkubwa. Muundo huo wa kubadilika ulikuwa sehemu ya mahitaji ya jeshi la Marekani lilipoichagua mwaka 2017 kuchukua nafasi ya Beretta M9, bastola ambayo mpini wake mnene ulikuwa ukilalamikiwa na askari wengi wenye mikono midogo. Anayenunua P320 ya zamani ahakikishe kwamba ilifanyiwa maboresho ya kifyatulio ambayo kampuni iliyatangaza mwaka huohuo wa 2017, baada ya majaribio ya kuiangusha kuonyesha kwamba inaweza kufyatuka.

Wapo wanaoamua kupunguza mpini wa plastiki kwa msasa au chuma cha moto. Kwa bastola ya leseni, kazi hiyo ni ya fundi silaha aliyeidhinishwa peke yake, na hata yeye ni vyema aulizwe kwa nini asishauri bastola nyingine.

Dalili: risasi ya kwanza inapotea, zinazofuata ziko sawa

Hii ni dalili ya bastola zenye nyundo ambazo kifyatulio chake hufanya kazi mbili. Mara ya kwanza huinua nyundo na kuiachia, kwa safari ndefu na uzito unaoweza kufikia kilo 4 au 5. Baada ya hapo slaidi yenyewe huinua nyundo, na kifyatulio huwa karibu na chepesi. Beretta 92 na CZ 75 ziko katika kundi hili. Mwenye mkono mdogo hufika vizuri kwenye risasi ya pili na kuendelea, lakini kwa ile ya kwanza hulazimika kuibana bastola na kukinyoosha kidole mpaka mwisho, na risasi huenda kusikotarajiwa.

Tiba ya kweli ni kuchagua bastola ambayo kifyatulio chake hakibadiliki kati ya risasi moja na nyingine, kama Glock au CZ P-10. Anayeipenda CZ 75, ambayo ina sifa nyingi za kupendwa, anaweza kuibeba nyundo ikiwa imeinuliwa na kifunga usalama kimefungwa, kwa modeli zinazoruhusu hivyo, lakini njia hiyo inadai mafunzo ya uhakika na haimfai anayeanza. Vifyatulio vifupi vya kubadilisha vipo pia kwa baadhi ya modeli.

Dalili: slaidi haivutiki

Hapa ndipo ushauri wa bastola ndogo unapoleta hasara kubwa, na inafaa kueleza sababu kwa urefu.

Katika bastola nyingi za kaliba (kipimo cha risasi) ya 9x19 mm, mtutu na slaidi hufungamana wakati risasi inapotoka, hurudi nyuma pamoja kwa umbali mfupi, kisha mtutu huinama na kuachana na slaidi shinikizo likishapungua. Kwa kuwa mfungamano huo unafanya kazi kubwa, springi ya kurudishia haihitaji kuwa kali kupita kiasi. Katika bastola nyingine, hasa nyingi za zamani za kaliba ndogo, hakuna mfungamano wowote. Kinachozuia slaidi isirudi mapema ni uzito wake na ukali wa springi peke yake. Walther PP ya 1929, PPK ya 1931 na Makarov ya Kirusi ziko hivyo. Matokeo yake ni kwamba PPK, ambayo inafichika kiganjani, inaweza kumshinda mtu kuikoki ilhali Glock 19 iliyo kubwa kuliko yeye anavyotaka inamkubalia. Slaidi fupi pia ina eneo dogo la kushika, na springi iliyobanwa katika nafasi fupi huwa ngumu zaidi.

Kabla ya kulaumu bastola, kagua namna ya kuvuta. Wengi hubana nyuma ya slaidi kwa ncha za dole gumba na kidole cha shahada, kama wanaovuta kizibo cha chupa, na vidole hivyo viwili havina nguvu za kutosha. Weka bastola karibu na kifua, mtutu ukielekea shabaha. Funika nyuma ya slaidi kwa mkono wote wa pili, vidole vinne upande mmoja na kiganja upande mwingine, bila kuziba tundu la kutolea maganda. Kisha mkono ulioshika mpini ndio usukume mbele kwa nguvu huku mkono wa juu umeikaza slaidi pale pale, na slaidi ikifika mwisho iachie yenyewe ijirudie bila kusindikizwa. Ili kupata nguvu hiyo mtu huhitaji kugeuza mwili ubavu, na hapo ndipo penye hatari: wengine hugeuza bastola badala ya kiwiliwili, na mtutu unapita juu ya jirani kwenye mstari wa kufyatulia. Mwalimu yeyote atapiga kelele kwa sababu hiyo, na ana haki.

Katika bastola yenye nyundo ya nje, kuinua nyundo kwanza kwa dole gumba hupunguza kazi ya slaidi kwa kiasi kinachosikika, kwa kuwa slaidi haina tena wajibu wa kuisukuma nyundo chini. Ukijaribu hivyo kwenye bastola tupu na bado ikakushinda, sasa ndio wakati wa kubadilisha.

Smith & Wesson walitoa Shield EZ mwaka 2018 kwa kaliba ya .380 na mwaka 2020 kwa 9 mm, kwa lengo hilohilo la slaidi nyepesi. Ndani yake kuna nyundo iliyofichwa, na springi ni laini kuliko ya bastola nyingi za ukubwa wake. Ina kipande cha usalama mgongoni mwa mpini ambacho lazima kibonyezwe na kiganja ndipo ifyatuke, kwa hiyo mwenye mkono mdogo anayeshika chini au kwa mzunguko hukuta imegoma, na suluhisho ni kurudi kwenye ule ushikaji wa juu ulioelezwa mwanzoni. VP9 ina vibawa vidogo nyuma ya slaidi vinavyokipa kidole mahali pa kushikilia. CZ 75 iko kinyume: slaidi yake huteleza ndani ya fremu, na eneo linalobaki nje la kushika ni dogo, jambo ambalo ni udhaifu wa kweli kwa mkono dhaifu. Kwa mtu ambaye baridi yabisi imemwondolea nguvu kabisa, zipo bastola ambazo mtutu wake huinuka kwa mbele ili risasi ya kwanza iwekwe moja kwa moja kwenye chemba bila kugusa slaidi, kama Beretta Tomcat na Girsan MC 14T. Kabla ya kuzitamani, uliza kama risasi za kaliba yake zinapatikana kwa wauzaji wa eneo lako, kwa kuwa bastola isiyo na risasi za kufanyia mazoezi itabaki kabatini.

Dalili: bastola inaruka, inazunguka kiganjani, au inaacha alama

Tazama mkono baada ya mzunguko wa mazoezi. Wekundu kwenye shina la dole gumba unaonyesha kwamba bastola imezungushwa kiganjani ili kidole kifike, nasi tumesharejea kwenye tatizo la umbali. Kidole kidogo kilichoning'inia hewani chini ya mpini kinaonyesha kwamba mpini ni mfupi, na bastola inashikiliwa kwa vidole viwili tu. Bastola ikihitaji kushikwa upya baada ya kila risasi, angalia yote mawili pamoja na uzito.

Uzito ndio unaosahaulika zaidi. Risasi ileile ya 9x19 mm ikifyatuliwa kutoka bastola nyepesi huirudisha nyuma kwa kasi kubwa zaidi, na hakuna muundo unaoweza kulikwepa hilo kabisa. SIG P365 yenye mtutu wa mm 79 ina uzito wa takriban gramu 500. Glock 19 ina takriban gramu 600 bila magazini, na mtutu wa mm 102. CZ 75 ya chuma hukaribia kilo 1. Anayesema kwamba anaogopa teke na kwa sababu hiyo anataka bastola ndogo zaidi anauendea moto akidhani anaukimbia. P365 ni bastola nzuri kwa wepesi wa kubebwa na mpini wake ni mwembamba, lakini kwa mtu anayejifunza kwa mara ya kwanza ningependekeza ile ya mpini mrefu zaidi, ambapo vidole vyote vitatu vya chini vina mahali pa kukaa, kama Glock 43X au 48. Hizo mbili zina upana wa mm 28 hivi na huchukua risasi 10, na kwa mikono mingi midogo ndizo zinazokaa katikati: ni nyembamba kama bastola za kufichwa na mpini wake ni mrefu kama wa bastola za kazi.

Dalili: bastola inakwama mara kwa mara

Ganda la risasi likisimama kwenye tundu la slaidi, au risasi mpya isiingie sawasawa kwenye chemba, kila mtu huilaumu bastola. Kwa mwenye mkono mdogo, uwezekano wa kwanza kuchunguza ni kifundo cha mkono. Slaidi inahitaji fremu iliyotulia ili isafiri hadi mwisho wake. Mkono ukirudi nyuma pamoja nayo, safari inakatika na ganda halitupwi. Bastola nyepesi za plastiki huathirika zaidi kuliko nzito za chuma.

Mpe mpigaji mzoefu bastola ileile, magazini ileile na risasi zilezile. Isipokwama mkononi mwake, chanzo ni ushikaji, na ushikaji mbovu mara nyingi umeletwa na mpini mnene. Ikikwama kwake pia, badilisha magazini kwanza, kisha aina ya risasi, na baada ya hapo ndipo umwite fundi.

Slaidi ikishindwa kubaki wazi baada ya risasi ya mwisho, angalia kama dole gumba limekaa juu ya kitasa chake, kile kidude cha ubavuni kinachoishikilia ikiwa wazi, na kukizuia kupanda. Ikifunguka mapema ilhali risasi zipo, dole gumba la mkono wa pili huenda linakisukuma juu.

Dalili: vitufe havifikiki

Hili halinisumbui sana. Kuzungusha bastola kidogo ili kufikia kitufe cha magazini ni jambo la kawaida hata kwa wenye mikono mikubwa, mradi kidole cha shahada kiwe nje ya kifyatulio. Glock za kizazi cha 4 na cha 5 huruhusu kitufe hicho kuhamishiwa upande wa kulia, na wapo wanaokibonyeza kwa kidole cha shahada au cha kati. Kitasa cha slaidi kikiwa mbali, vuta slaidi kwa mkono wote na uiachie. Kinachofaa kukataliwa kabisa ni bastola ambayo kifunga usalama chake hakifikiki bila kuhama mshiko, kwa sababu hicho hutumika wakati bastola iko tayari kufyatuka.

Dalili: magazini haijai

Mtu anaweza kupata bastola inayomkaa vizuri, kisha akashindwa kuingiza risasi mbili za mwisho kwenye magazini. Magazini za safu mbili zina springi kali, na dole gumba dogo huchoka haraka hadi ncha kuchubuka. Nunua kifaa cha kujazia, kama UpLULA ya kampuni ya Maglula, ambacho hubana risasi ya juu chini kwa mshiko wa kiganja kizima na kuacha nafasi ya inayofuata. Angalia kwamba kinaendana na magazini zako. Kama muuzaji hana, jaza risasi moja au mbili pungufu wakati wa mazoezi. Magazini mpya huwa ngumu zaidi, na wengi huzijaza na kuziacha siku kadhaa ili springi zilegee kidogo. Zikae ndani ya sefu iliyofungwa, na bastola ikae humo pia ikiwa tupu.